Mkono Unaosafisha Mbegu

Mkulima wa kata ya Mahege, mkoani Pwani, anayetaka mbegu ya muhogo haendi dukani. Anamwendea jirani, shemeji au bibi aliyevuna wiki hiyo, anafunga mzigo wa mashina kwa kamba, anaupakia kwenye baiskeli na kuondoka nao. Mara nyingi halipi chochote zaidi ya shukrani. Pwani nzima, kuanzia Mkuranga hadi Bungu na Kibiti, na ng'ambo ya Mto Rufiji, muhogo umesambaa kwa njia hiyohiyo, na pamoja nao yamesambaa magonjwa yake mawili. Batobato inaonekana mapema: majani yanajikunja na kuingia madoa ya njano. Michirizi ya kahawia ni ya hila zaidi. Shina linaweza kusimama vizuri, majani ya juu yakapendeza, kumbe chini mzizi umejaa madoa makavu ya kahawia ambayo hayaivi hata ukichochea kuni mpaka jioni. Ugonjwa huu uliandikwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti H. H. Storey, aliyekuwa kituo cha Amani, Usambara. Una miaka karibu 90 kwenye vitabu, na bado unasafiri kwa baiskeli.

Kwa hiyo ninapotaka kumsifu mwanasayansi mmoja wa kike wa Afrika Mashariki, naanzia hapa kwenye mzigo wa mashina, kwa kuwa ustadi wake ninaouhusudu ni huu wa kuisafisha mbegu na kuifikisha ikiwa safi. Jina lake ni Dk. Florence Wambugu wa Kenya. Wengi wanamfahamu kwa mabishano ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba, na mabishano hayo nitayagusa. Lakini kazi yake iliyonifanya nimsome ni ya migomba, na ndani ya kazi ile kuna ufundi wa mikono ambao ni haki yake kutazamwa taratibu.

Habari zake kwa kifupi. Alizaliwa mwaka 1953 katika nyanda za juu za Kenya ya kati, familia kubwa ya wakulima, na viazi vitamu vilikuwa chakula cha nyumbani. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha mama yake kuuza ng'ombe pekee wa familia ili binti aende sekondari. Alisomea mimea na wanyama Chuo Kikuu cha Nairobi, akahitimu mwaka 1978. Mwaka 1984 alipata shahada ya uzamili ya magonjwa ya mimea huko North Dakota, Marekani, na mwaka 1991 akawa daktari wa falsafa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, kwa utafiti uliohusu virusi vya viazi vitamu. Makazi yake ya kazi katika miaka hiyo yalikuwa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, wakati ule ikiitwa KARI.

Basi tuingie maabara.

Ukuzaji wa tishu huanzia shambani. Fundi anachagua mgomba mama: umezaa mkungu mzuri, ni wa aina inayojulikana, hauna dalili ya ugonjwa. Anang'oa chipukizi changa lenye majani membamba, analiosha udongo wote, anakata mizizi, kisha anaanza kulimenya. Shina la mgomba ni majani yaliyofungamana, kwa hiyo anatoa ganda moja baada ya jingine kama anayemenya kitunguu, hadi anabaki na kipande cheupe kinachoenea kiganjani. Kipande hicho kinazamishwa kwenye jiki iliyochanganywa na maji, ileile inayong'arisha mashuka, kikae dakika kadhaa. Jiki ikizidi, tishu inaungua. Ikipungua, ukungu unabaki hai. Kisha kinasuuzwa kwa maji yaliyochemshwa mpaka hayana kiumbe hai ndani yake.

Sasa fundi ameketi mbele ya kabati linalopuliza hewa iliyochujwa. Amevaa koti safi, nywele zimefungwa, mikono imepakwa spiriti. Mkono mmoja una koleo, mwingine una kisu kidogo cha upasuaji. Kabla ya kila mkato kisu kinachovywa kwenye spiriti, kinapitishwa kwenye moto, kinasubiriwa kipoe. Anamenya tena maganda mawili au matatu, maana yale ya nje yameguswa na jiki, hadi anafika kwenye kitovu chenyewe cha ukuaji, mahali ambapo majani yote yajayo yamelala yakiwa bado hayana umbo. Anakata kipande cha ukubwa wa sentimita moja hivi na kukiketisha ndani ya chupa. Kifuniko kinarudi. Kisu kinarudi motoni.

Watu wengi wakisikia sayansi ya namna hii wanafikiria mashine kubwa. Mashine zipo, lakini mwenye kuamua ni mkono. Mgomba ukikatwa hutoa utomvu unaogeuka mweusi ukikutana na hewa, na weusi ule ukienea kwenye chakula cha chupa, chipukizi linakufa. Fundi mwepesi hukata mara moja, penye makali, na kuhamisha kabla utomvu haujaanza kazi yake. Fundi mzito hukandamiza, na kesho yake chupa ni nyeusi. Maabara nyingine huongeza vitamini C kwenye chakula ili kuzuia weusi huo, ila hakuna vitamini inayofidia kisu butu.

Na chakula chenyewe kina hadithi yake. Mwaka 1962 watafiti wawili, Murashige na Skoog, walichapisha orodha ya chumvi na virutubisho waliyoitengeneza kwa ajili ya tishu za tumbaku. Orodha ile imebaki katika maabara za dunia nzima mpaka leo, ikilisha migomba, viazi, maua na mihogo. Ndani yake kuna naitrojeni, potasiamu, chuma na madini mengine kwa vipimo vidogo; juu yake fundi huongeza sukari, kwa kuwa mmea wa chupani bado hauwezi kujitengenezea chakula cha kutosha. Vyote vinagandishwa kwa aga, inayotokana na mwani mwekundu. (Mwani unaolimwa na akina mama wa Zanzibar ni mwekundu pia, lakini wenyewe hutoa karajini, ya kugandishia maziwa na dawa ya meno.) Mchanganyiko huo hupikwa kwa mvuke wa shinikizo kwenye nyuzijoto 121 kwa robo saa au zaidi, ndipo unapomiminwa.

Halafu kuna homoni mbili zinazoongoza mchezo. Moja huamsha vichipukizi vya pembeni vilivyolala. Nyingine huita mizizi. Mizani ikielemea ya kwanza, kipande kimoja kinatoa vichipukizi vitatu, vinne, wakati mwingine zaidi. Baada ya mwezi hivi fundi anavitenganisha kwa kisu kilekile, kila kimoja kinapewa chupa yake, mchezo unaanza upya. Chukua vitatu kwa kila mzunguko: baada ya mizunguko sita, chipukizi moja limekuwa 729. Shambani, shina moja la mgomba kwa mwaka linakupa machipukizi ya kuhesabika kwa vidole.

Hapo ndipo tamaa inapoingia, na ndipo fundi wa kweli anapojulikana. Hesabu inavutia, mizunguko ikiendelea anaweza kupata maelfu. Lakini mgomba unaozalishwa mno chupani huanza kukengeuka: unatokea mfupi, majani yakiwa na sura nyingine, mkungu ukiwa na kasoro. Maabara yenye heshima hujiwekea kikomo, ikifika mizunguko kadhaa inasimama, inarudi shambani kuchukua chipukizi jipya kwa mgomba mama. Hasara ya kupuuza kikomo hicho haionekani maabara. Inaonekana kwa mkulima, mwaka mmoja baadaye, wakati pesa yake imeshaliwa.

Chupa nyingine zinatupwa mapema zaidi. Ukungu ukiingia unajitokeza kwa siku chache kama pamba juu ya aga, na chupa nzima inaondoka. Bakteria wengine hujificha ndani ya tishu kwa miezi, wakatokea mzunguko wa nne. Na virusi havionekani kabisa: chupa inaweza kuwa safi kwa macho, mche wa kijani kibichi, na kirusi kipo ndani kikizidishwa pamoja nao. Hili linasahaulika sana na wauzaji wa miche. Chupa inaondoa fukusi, minyoofundo na vimelea vingi vya udongoni; kirusi kinahitaji kupimwa, na mama aliyeambukizwa kuachwa. Maabara isiyopima inaweza kusambaza ugonjwa kwa kasi ambayo baiskeli za Mahege haziwezi kuifikia.

Kazi ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya kumtoa mtoto chupani. Mche uliolelewa humo haujawahi kukutana na upepo. Jani lake halina nta ya kuzuia maji yasipotee, vinyweleo vyake vya hewa havijajifunza kujifunga, mizizi yake ni laini. Ukiutoa asubuhi na kuuacha juani, mchana umekwisha. Kwa hiyo aga inaoshwa mizizini kwa maji ya vuguvugu, mche unapandwa kwenye udongo uliochemshwa au kwenye vumbi la makumbi ya nazi, unafunikwa kwa plastiki ndani ya kivuli. Kila siku chache plastiki inainuliwa kidogo. Kivuli kinapunguzwa polepole. Wiki sita hadi nane hivi, mpaka mche umefika urefu wa rula ya shuleni na jani lake likiguswa linatoa sauti. Nimeona watunza vitalu wanaoweza kusema mche una kiu kabla haujanyong'onyea, kwa kuutazama tu rangi. Ujuzi huo hauna shahada na haujawahi kupewa tuzo, ila bila huo chupa zote zilizotangulia ni bure.

Wambugu aliukuta ufundi huu tayari, hakuuvumbua yeye. Alichokifanya ni kuuona kama mnyororo, akakataa kuishia kwenye chupa. Katikati ya miaka ya 1990 alikuwa mkurugenzi wa AfriCenter ya ISAAA, shirika la kusambaza bioteknolojia ya kilimo, jijini Nairobi. Mavuno ya migomba ya Kenya yalikuwa yameshuka vibaya. Ugonjwa wa sigatoka nyeusi ulikuwa umeenea, na fukusi, minyoofundo na mnyauko vilikuwa vikipita shamba hadi shamba ndani ya machipukizi ya kupeana. Akiwa na KARI, pamoja na wafadhili kama Rockefeller Foundation na IDRC ya Canada, alianzisha mradi wa kuwafikishia wakulima wadogo miche ya tishu. Mwaka 2000 mradi ule ulipata tuzo ya kwanza ya Global Development Network, mtandao uliokuwa chini ya mwavuli wa Benki ya Dunia.

Kufika hapo kulimlazimu kujibu maswali ambayo hayapo kwenye vitabu vya virusi. Chipukizi la jirani ni bure, mche wa maabara ni pesa: mama mwenye robo eka ataipata wapi? Ndipo ikaja mikopo midogo, waliokopeshwa wakiwa katika vikundi. Mche wa tishu unataka shimo kubwa, samadi na maji, hasa miezi ya mwanzo; aliyeupanda kama alivyozoea kuchomeka chipukizi la kawaida aliupoteza. Ndipo yakaja mashamba ya mfano na wakulima wa kufundisha wenzao. Tena miche iliyopandwa siku moja huzaa karibu wakati mmoja, na mikungu mingi inayoiva pamoja bila mnunuzi ni hasara ya aina mpya. Ndipo likaja suala la soko. Tafiti za uchumi zilizofanywa baadaye Kenya zilionyesha kuwa wakulima walioifuata njia hii kikamilifu walipata faida nzuri, ingawa idadi yao ilibaki ndogo ukilinganisha na wakulima wote wa migomba. Sitalificha hilo. Linaonyesha tu jinsi wiki nane za kivuli zilivyo rahisi kuliko miaka minane ya kumshawishi mtu anunue kile alichozoea kuomba.

Sasa mabishano. Baada ya Bath alikwenda Marekani, kuanzia 1991 hadi 1994, kwa ufadhili wa USAID, kufanya utafiti katika kampuni ya Monsanto. Lengo lilikuwa kutia ndani ya kiazi kitamu jeni ya ganda la kirusi kimoja kinachokisumbua, ili mmea upate kinga. Alirudi akiwa mtetezi mkubwa wa uhandisi jeni. Mwaka 1999 aliandika katika jarida la Nature kwamba Afrika inaihitaji teknolojia hii, mwaka 2001 akatoa kitabu Modifying Africa, na mwaka 2002 jarida la Forbes likamweka kwenye orodha ya watu 15 watakaoiunda upya kesho. Kiazi chenyewe kiliingia majaribio ya shambani Kenya mwaka 2000. Mwanzoni mwa 2004 matokeo yakatangazwa: hakikuonyesha kinga iliyotarajiwa, hakikuvishinda viazi vya kawaida.

Wakosoaji walishangilia. Mimi niko upande wa wanaosema kwamba sifa zilitangulia ushahidi, na mwanasayansi wa hadhi yake alipaswa kuzishika breki mapema. Wakati huohuo Uganda, Dk. Robert Mwanga na wenzake walikuwa wakizalisha mbegu za viazi kwa kuchavusha na kuchagua, njia ya zamani, na mwaka 2016 yeye, Dk. Maria Andrade wa Cape Verde aliyefanya kazi Msumbiji, Jan Low na Howarth Bouis walipewa Tuzo ya Chakula Duniani, watatu wa kwanza wakitunukiwa kwa viazi lishe vya rangi ya chungwa. Andrade ni mwanamke na mwanasayansi kama Wambugu. Aliyapaka magari yake ya kazi rangi ya viazi hivyo ili watu waulize. Kuna njia nyingi za kuwa fundi.

Wambugu hakuacha. Tayari mwaka 2002 alikuwa ameanzisha taasisi yake, Africa Harvest, yenye makao Nairobi, na hapo ndipo alipokuwa mjasiriamali kamili: kutafuta fedha, kuajiri, kukaa meza moja na mashirika makubwa na kurudi kijijini kuelezea migomba. Mwaka 2005 muungano aliouongoza ulipata kutoka kwa Bill & Melinda Gates Foundation zaidi ya dola milioni 16 za kutengeneza mtama wenye vitamini A, madini ya chuma na zinki. Hapo kulizuka tatizo la kifundi linalonifurahisha kwa uhalisia wake: vitamini iliingia kwenye punje, lakini ghalani ilipotea. Watafiti wa muungano ule waligundua kuwa wakiongeza vitamini E ndani ya punje, ile malighafi ya vitamini A inadumu zaidi. Muda wa nusu yake kupotea ulipanda kutoka chini ya wiki 4 hadi wiki 10. Nani mwingine angefikiria ghala la bibi akiwa mbele ya hadubini? Hata hivyo mtama ule ulikwama kwenye vibali na siasa. Kenya yenyewe ilipiga marufuku vyakula vilivyobadilishwa vinasaba (GMO) mwaka 2012, ikaondoa marufuku Oktoba 2022, mambo yakaishia mahakamani. Tanzania iliruhusu majaribio ya mahindi Makutupora, Dodoma, yaliyopandwa mwaka 2016, na Novemba 2018 serikali ikaamuru yasimamishwe.

Nalitaja hili kwa sababu moja ya vitendo. Vijijini kwetu mche ukitoka maabara mtu anauliza: huu si ndio ule wa GMO? Sio. Ukuzaji wa tishu hauingizi kinasaba kigeni. Kipande kilichotoka kwenye mgomba ule kinarudi kuwa mgomba uleule, mradi kikomo cha mizunguko kimeheshimiwa; umeoshwa tu. Ugomvi wa teknolojia moja umeikwamisha nyingine isiyohusika, na katika hilo nadhani Wambugu mwenyewe, kwa kuzitetea zote mbili kwa sauti moja, alichangia kidogo kuwachanganya watu.

Turudi upande wetu. Mikocheni, Dar es Salaam, ipo taasisi iliyokulia kwenye mradi wa taifa wa minazi na sasa ni kituo cha TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Kwa miaka mingi imekuwa kitovu cha bioteknolojia ya kilimo nchini, na mmoja wa waliojenga upande huo ni Dk. Emmarold Mneney. Yeye alichagua mmea mkaidi kuliko mgomba: mkorosho. Alisomea kazi hiyo Chuo cha Wye, Uingereza, na mwaka 2002 alichapisha pamoja na msimamizi wake S. H. Mantell njia ya kuuzalisha mkorosho kwa tishu. Mtu wa Mahege anaujua mkorosho. Anajua utomvu wake unavyounguza vidole wakati wa kubangua. Fikiria basi kukata kipande chake kidogo na kutaka kiishi chupani. Kinajipaka weusi, kinagoma kutoa vichipukizi, na kikitoa kinagoma kuota mizizi. Mti wa miaka hamsini hauna haraka ya kugeuka mtoto tena.

Waliofikisha mikorosho bora mashambani, mwishowe, ni watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, kwa kisu kingine kabisa: kubebesha. Kikonyo cha mti bora kinafungwa juu ya mche wa kawaida kwa utepe wa plastiki, wiki chache vimeungana. Kwa mkorosho njia hiyo imeshinda chupa, kwa bei na kwa urahisi. Lakini kazi ya Mneney haikupotea, kwa vile maabara iliyojifunza kuubembeleza mkorosho haishindwi na muhogo, na muhogo ndio unaotudai.

Kuusafisha muhogo ulioshikwa na michirizi kunakwenda hivi. Mmea unawekwa kwenye chumba chenye joto la nyuzi 37 hivi kwa wiki kadhaa, ukue haraka wakati kirusi kimelegea. Kisha fundi, safari hii chini ya hadubini, anakata ncha ya chipukizi isiyofika milimita moja. Akikata kubwa, anachukua na kirusi. Akikata ndogo mno, kipande hakina nguvu ya kuishi. Nafasi ya kupatia ni nyembamba kuliko ukucha. Kikiota, kinapimwa vinasaba vya kirusi, kinapimwa tena, na miche mingi inakataliwa. Ile michache iliyopita ndiyo wazazi wa mbegu safi, inayozidishwa Kibaha na kukabidhiwa kwa wazalishaji wa mbegu, ambao mashamba yao hukaguliwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu.

Toka hapo ufundi unahamia kwa mkulima, na simuoni kuwa chini ya yule wa maabara. Shina zuri la mbegu lina umri wa miezi minane hadi mwaka. Ncha ya juu ni laini mno, ya chini imekomaa mno, kwa hiyo anachukua katikati. Anakata pingili za sentimita 20 hadi 30, zenye macho matano au zaidi, kwa panga lenye makali, mkato mmoja, bila kulipasua shina. Anaangalia utomvu: ukitoka upesi, shina li hai. Kama mvua imechelewa, anayasimamisha mashina wima chini ya mwembe, matako yake yakiwa ndani ya udongo, yakae wiki kadhaa bila kukauka. Akina mama wengi wa Pwani wanajua haya yote bila kufundishwa na mtu. Wanajua pia kuvuna mapema, kabla uozo haujaenea, na hivyo kupata mizizi midogo badala ya kukosa kabisa. Hiyo nayo ni akili, ila ni akili ya aliyebanwa.

Linalokosekana ni jambo moja dogo: kuutazama mzizi kabla ya kugawa shina. Mara nyingi mashina hukatwa na kutolewa kabla mizizi haijachimbwa, na michirizi haionekani mpaka mzizi uvunjwe. Na muhogo hauongezeki kwa kasi: shina moja hutoa pingili kama 10 kwa mwaka, wakati eka moja inataka 4,000 hivi. Maana yake eka moja safi inapanda eka 10 mwaka unaofuata, na eka moja chafu vilevile inachafua 10. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti yalileta swali hili mlangoni, kwa kuwa muhogo uliosimama ndani ya maji huoza, na aliyepoteza shamba huanza upya kwa mbegu ya kuomba, kutoka kwa yeyote aliyenayo.

Kwa bahati nzuri, nzi weupe wanaoeneza michirizi hawaibebi mbali. Safari ndefu zote tunaisafirisha sisi. Shamba la mbegu lililotengwa na mihogo ya zamani, likipitiwa kila mwezi na kung'olewa kila shina lenye shaka, linaweza kubaki safi kwa misimu. Zipo aina zinazovumilia, kama Kiroba, inayotokana na mihogo ya Pwani hii hii. Hapo ndipo somo la migomba ya Wambugu linapotufaa: maabara tunazo, Kibaha si mbali, na barabara ya Kilwa inapita Bungu. Kilichomchukua yeye miaka ni kipande cha mwisho cha njia, kati ya kitalu na jembe, na kwetu kipande hicho bado hakina mwenyewe.

Kata ya Mahege inahitaji eka moja ya mbegu, mama mmoja au kikundi kimoja cha kuitunza kwa malipo, na mkaguzi anayefika kwa wakati. Afisa ugani anayesoma haya aanze kwa kutafuta hiyo eka kabla ya vuli. Na wewe ndugu yangu unayevuna wiki hii, chimba kwanza, vunja kila mzizi, tazama ndani. Shina la mmea wenye kahawia lipeleke jikoni likawe kuni, usimpe shemeji.